Aliyekopa Jana ni Nani?

Nilisoma falsafa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Suala la nafsi, yaani kwa nini mtu huhesabiwa kuwa yeye yule tangu utotoni hadi uzeeni, tulikutana nalo kama tulivyokutana na mengine: tulikariri nani alisema nini mwaka gani, tukaandika mtihani, tukafaulu. Siku hizi nafundisha shule ya msingi Bagamoyo, na jioni nyingi baraza la kaka yangu hujaa watoto, wawili wa kwake pamoja na wa majirani, ambao wingi wao hutegemea kuna harufu gani inatoka jikoni. Hapo barazani ndipo somo lile liliponiingia. Sisemi watoto wana hekima iliyofichika. Mengi wanayosema ni upuuzi, na wapo wanaojibu chochote ili zamu iwapite. Ila wana tabia moja ambayo darasani kwetu haikuwepo: hawaulizi kama mtu ni yule yule mpaka pawe na kitu kinachogombewa.

Kwa hiyo mtu akiniuliza aanzie wapi na mtoto, namwambia asianze na "wewe ni nani?" Mtoto wa miaka sita ukimwuliza hivyo atakutajia jina lake, jina la baba yake na darasa analosoma, kisha atakutazama akingoja swali lenyewe. Anza na deni.

Mpwa wangu, mtoto wa kiume wa kaka, ana miaka tisa, alikuwa na deni la barafu la shilingi 200 kwa mtoto wa jirani, na kila akidaiwa ana sababu mpya. Siku moja niliwasimulia kisa kinachohusishwa na Epicharmus, mtunzi wa michezo ya kuchekesha wa Kigiriki aliyekuwa Sicily karne ya 5 kabla ya Kristo. Mtu anadaiwa. Anamwambia mdai wake: chukua fungu la kokoto, ongeza moja au punguza moja, je, idadi ni ile ile? Siyo. Basi na mwili wa mtu ndivyo ulivyo, kila siku huyu anakua na yule anapungua, hakuna anayebaki vile vile. Aliyekopa kwako alikuwa mtu mwingine, kamtafute. Mdai anamsikiliza mpaka mwisho, kisha anamchapa makofi. Yule mdaiwa anapolalamika, mdai anamjibu: nani kakupiga? Aliyekupiga si mimi wa sasa, kamtafute.

Niliwagawia nafasi wakaigiza, na ilibidi nisimamie makofi yawe ya uongo. Walipomaliza kucheka nikawauliza kosa liko wapi. Hapo ndipo pagumu, kwa sababu maneno ya mdaiwa si ya kijinga. Ni kweli mwili unabadilika. Mmoja akasema: "Kama si yeye, mbona bado analala kwenye nyumba ile ile na anakula chakula cha mama yake yule?" Mwenzake akaongeza kwamba mtu huyo akidaiwa ni mwingine, lakini akidai yeye ni yeye. Hilo la pili ningetamani kulikuta kwenye karatasi za mitihani. Mtu hutaka kuwa mpya upande wa madeni peke yake. John Locke, Mwingereza ambaye sura yake juu ya nafsi ilitoka mwaka 1694 katika toleo la pili la kitabu chake kuhusu akili ya binadamu, alilitazama jambo hili kwa jicho la kimahakama: tunataka kujua mtu ni yule yule ili tujue sifa zimwendee nani na adhabu imwangukie nani. Watoto wanaanzia hapo bila kuambiwa. Sisi wakubwa ndio tunaowahamisha, tunawapeleka kwenye mafumbo yasiyo na mwenyewe.

Kuna umri ambao mazungumzo haya hayana pa kushika. Mwanasaikolojia Daniel Povinelli na wenzake huko Marekani walichapisha jaribio mwaka 1996: mtoto anacheza, anabandikwa kibandiko kichwani bila kuhisi, na dakika chache baadaye anaoneshwa video ya mchezo ule. Wengi wa miaka miwili na mitatu walitazama tu. Wengi wa miaka minne walipeleka mkono kichwani. Nilijaribu kwa simu yangu na kipande cha gazeti. Kitinda mimba wa jirani, wa miaka mitatu, alijiona kwenye video akajitaja kwa jina kwa furaha kubwa, akacheka hilo gazeti lililoko kwenye nywele za "yule", wala hakujigusa. Yuko mwenye umri huo anayejijua vizuri kwenye kioo, lakini wa dakika tatu zilizopita bado hajamwunga na wa sasa. Huyo mwache acheze.

Kwa waliofika miaka sita, mlango mzuri ni meno. Ndio wakati yanaanza kung'oka yale 20 ya utotoni, na kwetu jino hurushwa juu ya paa ili jipya liote. Binti wa kaka yangu alirusha lake, akashuka ngazi za baraza, akauliza kama sehemu yake sasa iko juu ya bati. Hapa watu wazima wengi huingiza ule usemi kwamba kila baada ya miaka saba mwili mzima huwa mpya. Usiwaambie watoto hivyo, si kweli. Chembe nyekundu za damu hukaa siku 120 hivi, na ngozi ya juu hujibadili katika muda wa wiki chache. Lakini seli nyingi za neva za sehemu ya nje ya ubongo ni zile zile maisha yote, gamba gumu la jino la ukubwani halitengenezwi upya, na kiini cha lenzi ya jicho kiliumbwa tukiwa bado tumboni na hakibadilishwi. Hilo la jicho liliwasisimua kuliko hadithi yoyote niliyowahi kuwapa. Walishinda wakichunguliana machoni kutafuta mtoto mchanga.

Sasa habari ya mashua. Kila kitabu cha falsafa kina merikebu ya Theseus, shujaa wa hadithi za Kigiriki. Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, anasimulia kwamba watu wa Athens waliitunza merikebu hiyo vizazi na vizazi, ubao ukioza wanautoa na kutia mpya, mpaka wenye kujadili wakagawanyika, hawa wakisema ni ile ile na hawa wakisema siyo. Bagamoyo huna haja ya Theseus. Unashuka pwani kuelekea soko la samaki, unakuta vyombo vimepandishwa mchangani na mafundi wanagonga. Niliwapeleka watoto wakati wa maji kupwa, wakamwamkia fundi mmoja mzee, akaitikia marahaba bila kuacha kutia kalafati, anasukuma nyuzi za pamba kwenye mapengo ya mbao kwa patasi na nyundo. Chombo alichokuwa akikishughulikia kilikuwa na mbao nyeupe mpya upande mzima, na mataruma kadhaa mapya, zile mbavu za ndani.

Mpwa wangu ndiye aliyeuliza: "Babu, hii bado ni mashua ile ile?"

Fundi hakulichukulia kama fumbo. Alisema chombo ni mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa. Mbao unaweza kubadili zote, mataruma unaweza kubadili, mlingoti na tanga ndiyo usiseme, lakini siku ukiutoa mkuku umetengeneza chombo kingine. Nahodha, aliyekuwa amekaa kivulini akisubiri kazi yake iishe, akakataa. Kwake yeye mkuku nao ni mti tu. Chombo ni jina lake na namba yake ubavuni na leseni iliyo mfukoni mwa mwenyewe. Alijua moja iliyobadilishwa hata mkuku, na watu wa leseni hawakuona chombo kipya, na mwenyewe hakusamehewa deni lake. Wazee wawili wakabishana mbele yetu kwa ukali wa kirafiki, na watoto wakagundua kitu ambacho mimi nilikitafutia maneno muda mrefu: fundi alikuwa anajibu swali la fundi na nahodha alikuwa anajibu swali la nahodha. Fundi anataka kujua kazi yake ni ukarabati au ni uundaji, na bei hutofautiana. Nahodha anataka kujua nani anamiliki na nani anadaiwa.

Tuliondoka na mbao chakavu tulizopewa, kwa sababu Thomas Hobbes, mwanafalsafa Mwingereza, aliongeza mkorogo katika hadithi ile mwaka 1655: je, mtu akiziokota mbao za zamani zote akaziunga tena zilivyokuwa, ipi sasa ndiyo merikebu ya Theseus? Zetu hazikutosha mashua. Mpwa wangu alizigonga zikawa banda la kuku, na akatangaza kwamba banda ndilo mashua halisi, iliyoko pwani ni ya kuigiza. Mantiki yake ilikuwa nzima. Kuku hawakuwa na pingamizi.

Ukitoka kwenye mbao unaingia kwenye kumbukumbu, na hapa Locke ana hadithi inayopendwa na watoto bila kuipamba: roho ya mtoto wa mfalme, na kumbukumbu zake zote, inahamia kwenye mwili wa fundi viatu. Huyo anayeamka kibandani ni nani? Locke anasema yule ni mtoto wa mfalme, kwa kuwa anayakumbuka ya mtoto wa mfalme kama yake. Watoto wengi walikubali haraka. Kisha nikawatolea picha zao za uchanga, na ubishi ukaanza upya, maana hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuogeshwa kwenye lile beseni. Mmoja akasema basi yule wa kwenye picha si yeye, ni mdogo wake. Swali hili lilimpata Locke kwa mkono wa Thomas Reid, Mskoti, mwaka 1785. Jenerali mzee anakumbuka alivyoiteka bendera ya adui akiwa ofisa kijana. Yule ofisa alikumbuka alivyochapwa utotoni kwa kuiba matunda. Jenerali hakumbuki tena kuchapwa. Kwa hesabu ya Locke, jenerali ndiye ofisa, ofisa ndiye mtoto, lakini jenerali siye mtoto, na hilo haliwezekani. Binti wa kaka, ambaye ana miaka saba, alilitatua kwa kuwashikisha mikono: huyu kamshika huyu, na huyu kamshika yule, si lazima wa mwisho amfikie wa kwanza. Wanafalsafa wa baadaye waliomtetea Locke walipita njia hiyo hiyo ya mnyororo.

Nililijua litakuja, na lilikuja: baba mmoja wa mtaani, mtu wa msikitini, alinipitia baada ya magharibi. "Mwalimu, nasikia huku mnajadili kama mtu ana roho." Nikamwambia hapana, roho watoto wameikubali kabla sijafungua mdomo, wote, wa madrasa na wa kanisani. Tunachoulizana ni tutamtambuaje mwenyewe. Nikamweleza habari ya Locke, kwamba naye aliandika kuhusu siku ile kuu siri za mioyo zitakapofunuliwa, na aliona hakuna atakayejibu kwa asilolijua. Yule baba akatikisa kichwa. Akanisomea katika Ya-Sin, pale vinywa vinapofungwa, mikono ikasema na miguu ikashuhudia. "Hata ukisahau wewe, mkono wako haujasahau." Nilikaa kimya kidogo. Ni hoja kamili ya upande wa mwili, na sijui kama niliwahi kusikia iliyotolewa kwa maneno machache hivyo. Aliketi, akapewa kahawa, na siku nyingine huja mwenyewe kusikiliza. Ushauri wangu kwa walimu: mtoto akijibu "roho", usimpinge wala usifunge mjadala hapo. Mwulize angejuaje kama roho iliyoamka leo ndiyo iliyolala jana. Ila iwe mchana. Swali la kulala na kuamka likiulizwa saa mbili usiku, mzazi atalipa.

Mashine ya Derek Parfit, mwanafalsafa Mwingereza, ile ya kitabu chake cha mwaka 1984 inayokuchanganua hapa na kukuunda upya sayari ya Mars, mimi siwapi walio chini ya miaka tisa. Wakubwa wao waliielewa kuliko tulivyoielewa chuoni, kwa sababu ya simu: ukimtumia mtu picha, yako haiondoki. Parfit naye anafika huko, mashine inapokuwa mpya na haimwangamizi wa mwanzo, wakawa wawili. Niliwaambia jibu lake, kwamba pengine kuwa yule yule silo jambo lenye uzito tulioudhani. Walilipuuza kabisa. Waliendelea kugombana nani kati ya hao wawili atavaa viatu vya mpira.

Yote haya yalikuwa bado mazungumzo ya baraza mpaka mama yetu alipoanza kusahau. Binti wa kaka ana jina la mama, kwa hiyo wale wawili wanaitana somo, na sisi watoto wa bibi tunamwita yule mdogo "mama" tangu alipozaliwa. Akikosea, kaka yangu humkemea kwa adabu fulani ya ajabu, kwa sababu ni vigumu kumfokea mtu unayemwita mama. Mtoto huyu amekua akijua kwamba yeye ni yeye na ni zaidi ya yeye, na halijawahi kumsumbua. Nilipowahi kumwuliza kama kweli yeye ni bibi, aliniambia yeye ni bibi kwa shangazi na kwa baba, siyo kwa walimu.

Ugonjwa ulipokomaa, bibi akaacha kumwita somo. Akawa anamwita kwa jina la dada yake marehemu, waliyecheza naye Pangani. Mpwa wangu akamsahihisha mara nyingi: "Bibi, huyu ni somo yako." Binti hakusahihisha. Aliitika, akaenda kuketi alipoonyeshwa. Baadaye akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei, kama anapoitika jina lile anasema uongo. Nikamwuliza anaonaje. Akasema bibi hamwiti yeye, anamwita dada yake, lakini dada hayupo na mtu lazima aitike.

John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, aliandika mwaka 1969 kwamba katika jamii nyingi za Kiafrika marehemu hajaondoka kabisa maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina, waliomjua akiwa hai. Akishakufa wa mwisho wao, ndipo anapozama katika zamani. Chuoni tulikuwa tunaisoma kama maelezo ya mila. Kwa bibi ilikuwa upande wa pili wa Locke. Locke anaweka kumbukumbu ndani ya mtu mwenyewe, ikimtoka naye ametoka. Mbiti anaiweka kwa waliomzunguka. Mpwa wangu, ambaye bado alishikilia hadithi ya fundi viatu, alisema wazi mezani kwamba bibi wa sasa si bibi, kwa sababu hakumbuki. Kaka yangu alikunja uso nikamzuia kwa jicho. Mtoto aliyetumia hoja vizuri hachapwi kwa sababu imefika mahali panapouma. Nilimwuliza tu: je, dawa zake tumnunulie nani? Alifikiri. Akasema tumnunulie bibi.

Mpaka hapo ningeweza kusema tumesikilizana, lakini likazuka la kuku. Kabla hajaugua, bibi alimwahidi somo yake kuku mmoja, mtetea wa rangi ya kanga, akishakomaa. Sasa bibi hakumbuki ahadi, hamkumbuki kuku, na mtoto aliyeahidiwa anamwita kwa jina la mtu mwingine. Mpwa wangu akashikilia kwamba hakuna ahadi, kwa kuwa pande zote mbili za mkataba zimepotea. Yule mtoto wa jirani anayedai shilingi 200 zake akasema kwa mwendo huo na yeye hatalipwa kamwe, kwa hiyo akapiga kura upande wa binti. Yule baba wa msikitini alikuwepo. Alisema ahadi ni deni, na deni halifi na kumbukumbu ya mdaiwa. Mtu akifa warithi wake humlipia, sembuse aliye hai amekaa pale. Kaka yangu, kama mtoto wa bibi, akamkamata kuku akamkabidhi.

Kuku keshaanza kutaga. Mpwa wangu anataka mayai mawili katika kila kumi, kwa hoja kwamba kuku analala ndani ya mashua na mashua ameijenga yeye. Dada yake amemwuliza leseni yake iko wapi.